Kushushwa kwa Makusudi

Siku aliyoanguka ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, na alikuwa akimwogesha mtoto. Alichanganya maji ya moto na ya baridi, akayapima kwa kiwiko, akamkalisha mwanawe wa mwaka mmoja na nusu ndani ya beseni la bluu uani. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni sabuni kumponyoka. Alipofumbua macho alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji, jirani amemwinamia anampaka asali kwenye fizi kwa kidole, na mtoto analia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Mtoto alikuwa bado ndani ya beseni. Alikuwa ameshika nywele za mama yake kwa mikono miwili, maji yamepoa, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Hakuna aliyejua walikaa hivyo kwa dakika ngapi.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mumewe, fundi wa vigae, alirudi kutoka kazini na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akasikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaingia bafuni kunawa na hakutoka upesi. Kesho yake alimpigia simu mama yake. Mama mkwe akaja na begi moja dogo la nguo, akasema amekuja kuwasalimia tu, siku mbili tatu. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, nguo zikahama kutoka kwenye begi zikaingia kabatini.

Mwanamke mwenyewe alikuwa fundi wa miwani. Alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha duka, akisaga lenzi kwenye mashine mpaka ziingie kwenye fremu bila kubana wala kucheza, kazi inayotaka mkono mtulivu. Kisukari kilimpata akiwa na miaka kumi na mmoja, kile cha aina ya kwanza, ambacho mwili unaziua wenyewe chembe zake zinazotengeneza insulini na mtu anabaki kujidunga maisha yake yote. Kwa miaka ishirini alikuwa akijidunga mara nne kwa siku. Akijidunga kidogo, sukari inapanda. Akizidisha, au akichelewa kula, inashuka, na ikishuka sana ubongo unakosa chakula na mtu anazimika kama taa.

Zamani mwili ulikuwa unamwonya mapema. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka juu ya mdomo, moyo unamwenda mbio, anaingiwa na woga wa ghafla usio na sababu. Alizichukia mno dalili hizo. Kisha zikamtoroka moja moja, bila kuaga, na alipokuja kushtuka hakuwa na hata moja. Daktari wa kliniki alimweleza kuwa ndivyo inavyokuwa kwa mtu ambaye sukari imemshuka mara nyingi mno. Ni kama kuhamia jirani na kiwanda, alisema. Mwezi wa kwanza kelele zinakukera, mwaka ukipita huzisikii tena.

Tangu siku ile ya beseni akawa anaishi roho mkononi. Alijipima mara kumi na tano kwa siku, ncha za vidole zikajaa vitobo. Akisahau mahali alipoweka funguo, kama anavyosahau mtu yeyote, mwili wote unamsisimka: je, ndiyo hivyo tayari nashuka? Na nyumbani, kila alipombeba mtoto, ambaye walizoea kumwita Kifungo, mama mkwe alitokea mlangoni na shida yake. Anatafuta ufagio. Anauliza chumvi iko wapi. Alikuwa mama mwema, neno la kuumiza halikuwahi kumtoka, lakini katika miezi ile ufagio ulitafutwa mara nyingi kuliko ulivyofagia.

Ndipo daktari wa kliniki alipomtajia utafiti. Kwenye hospitali kubwa kulikuwa na daktari mtafiti aliyetafuta watu kama yeye, waliopoteza dalili. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: mtu akikaa miezi sita bila sukari kumshuka hata mara moja, je, mwili utaanza tena kusikia? Ili kulijibu, ilibidi kila mshiriki ashushwe sukari kwa makusudi, kitandani, akiangaliwa, mara mbili: mwanzoni mwa miezi hiyo na mwishoni.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mumewe alizisoma zote, kidole kikifuata mstari, akaurudia ukurasa wa saba mara mbili.

"Mama Kifungo, hebu nieleweshe," alisema. "Kitu kilichokaribia kukumaliza wewe na mtoto, hawa watakufanyia kwa mikono yao wenyewe?"

"Daktari atakuwepo. Na nesi."

"Na nikiambiwa ni bahati mbaya, nikamkunje nani shati?"

 Mkewe alimwambia tu kwamba yeye hivi sasa anashuka bila daktari, bila nesi, na mtoto pembeni. Mume alipangusa meza kwa kiganja mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akaenda mwenyewe kumletea kalamu.

Kipimo cha kwanza kilifanyika asubuhi, kwenye chumba chenye kitanda kimoja na mashine mbili za dripu. Mkono wa kushoto uliingizwa insulini na maji ya sukari kwa pamoja, moja inavuta chini, nyingine inazuia, kama watu wawili wanaoteremsha kabati kwenye ngazi. Mkono wa kulia uliwekwa ndani ya kisanduku chenye joto ili mishipa ifunguke, na kila baada ya dakika tano nesi alichota damu kidogo, akaiingiza kwenye kipimo ambacho kioo chake kilielekezwa ukutani. Mshiriki haruhusiwi kuona namba. Kila mara nesi alipochota alisema "tone" kwa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka, ndiyo maana washiriki walimbandika jina la Bi Tone. Katikati ya matone akamuuliza maswali. Kutoka moja mpaka saba, jasho? Kutetemeka? Moyo kwenda mbio? Njaa? Woga? Toa saba kwenye mia moja, endelea kutoa.

Fundi miwani alijibu moja, moja, moja. Alikuwa amejiandaa kwa mabaya na mabaya hayakuja. Alimtania Bi Tone, akamweleza habari za mteja aliyekalia miwani yake mara tatu na kila mara akalalamika kuwa fremu ni mbovu. Saa saba mchana dripu zikaondolewa, akaletewa chakula, akala kwa raha. Akamuuliza daktari mtafiti mbona hawakumshusha, au mashine zimeharibika?

Daktari mtafiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alivuta kiti. Alimwambia kwamba mtu mzima asiye na kisukari kwa kawaida hashuki chini ya nne kirahisi.

"Wewe tulikushusha mpaka mbili nukta nne," alisema. "Ulikaa huko dakika ishirini."

Fundi miwani akaomba kuona karatasi ya majibu yake. Daktari alisita, akasema washiriki wengine huona afadhali wasiione. Yeye akasisitiza. Kwenye hesabu alikuwa amejibu tisini na tatu, themanini na sita, themanini, themanini, themanini. Chini yake, kwa mwandiko safi wa Bi Tone, kulikuwa na swali: Una watoto wangapi? Na jibu: Sina. Kisha: Ameulizwa tena. Amesema hana, akitabasamu.

Alilisoma mara moja tu. Alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni. Alikumbuka vizuri kucheka, alikumbuka mteja na fremu zake, lakini swali hilo hakulikumbuka hata kidogo. Basi ndivyo alivyo akiwa huko chini, alijisemea. Haumwi, haogopi, anatabasamu, na Kifungo hayupo duniani.

Kwenye benchi la korido alimkuta mshiriki mwingine, mwendesha kreni wa makamo aliyesimamishwa kazi mpaka dalili zake zirudi, maana hakuna anayetaka mtu azimike juu kule na tani nne zinaning'inia. Mwendesha kreni alimsimulia kwamba yeye aliulizwa leo ni siku gani, akajibu Jumanne mara nne, na mara ya tano akaanza kugombana nao kuwa kalenda yao ndiyo iliyokosea. Walicheka wote wawili. Kisha wakaacha kucheka kwa pamoja, wakatazama sakafu.

Nyumbani alisema kipimo kilikwenda vizuri. Ile karatasi hakumsimulia mtu.

Miezi sita ikaanza. Walimbandika kwenye mkono kidude kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachosoma sukari saa zote na kulia ikikaribia nne. Kilipolia alipaswa kunywa juisi papo hapo, awe wapi, awe na nani. Kilimlilia akiwa benki, kilimlilia msibani, kilimlilia huku mashine ya lenzi inazunguka. Wenzake dukani wakawa wanamwita Kengele. Mwanzoni aliogopa mno kushuka hata akawa anaacha sukari ipande makusudi, kumi na tatu, kumi na tano, mpaka daktari mtafiti akamwita na kumwambia kwa upole kuwa anakimbia moto kwa kuingia kisimani. Sukari ya juu nayo inaharibu macho na figo, inachelewa tu kufika. Ikabidi ajifunze upya kupima chakula kwa kijiko na kupunguza insulini kabla ya kutembea. Polepole, mstari kwenye simu yake ukaacha kupanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Mwezi wa tano alikosea. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, duka limejaa wazazi, fremu kumi na nane za watoto zinasubiri. Kidude kililia, akakizima sauti akisema amalizie lenzi moja tu. Akamaliza nne. Alipotazama simu ilisema mbili nukta tisa, na imekuwa hivyo kwa nusu saa. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Alikunywa juisi akiwa amejifungia chooni, na hapo ndipo hofu ilipomshika, hofu ya kawaida ya mtu aliyeharibu. Akisema, huenda watamwondoa. Asiposema, data itasema, au labda kidude kitaonekana kilikatika tu kidogo. Mwendesha kreni alimwambia chake kimewahi kukatika siku nzima. Alizunguka na jambo hilo moyoni siku mbili. Siku ya tatu alikwenda hospitali bila kuitwa.

Daktari mtafiti hakumfokea. Aliandika, akahesabu kwenye kalenda, akasema kipimo cha pili kitasogezwa wiki tatu mbele.

"Ungenificha," alisema, "ningekushusha nikidhani mwili wako umepumzika, kumbe haujapumzika. Na ningeandika uongo ambao mgonjwa mwingine angekuja kuuamini."

Kadiri siku ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kukosa raha. Haikuwa sindano aliyoiogopa. Aliogopa kulala pale, kutabasamu, na kuulizwa tena lile swali. Siku tatu kabla, akiwa anakunja nguo na mumewe, ilimtoka ghafla. Alimweleza yote yaliyokuwa kwenye karatasi. Mume alibaki ameshika shati la mtoto, mkono mmoja wa shati ukiwa umekunjwa na mwingine unaning'inia.

"Usiende," alisema baadaye. "Mama yuko hapa. Tutaishi hivihivi."

"Mama atakaa mpaka lini?"

"Mpaka mtoto akue."

"Na mimi nikishuka nikiwa barabarani? Nikiwa jikoni?"

 Asubuhi ya kipimo mume aliwaambia watu wake wa kazi kwamba atachelewa, akaenda naye, akakaa kwenye benchi la korido na ovaroli yake, ndoo ya vifaa katikati ya miguu.

Chumba kilikuwa kilekile, kisanduku chenye joto kilekile. Bi Tone alimpata mshipa mara ya kwanza. Dripu zikaanza. Fundi miwani alikuwa ameingia tayari na woga wake, moyo unagonga, viganja vimelowa, na wazo likamjia lililomwogopesha zaidi ya yote: kama dalili zinarudi, atazijuaje? Alikuwa na jasho kabla hata hawajaanza. Alipoulizwa woga, kutoka moja mpaka saba, alisema tano, kisha akaomba radhi, akasema huo ni wake mwenyewe, amekuja nao kutoka nyumbani.

Bi Tone aliandika bila kuinua uso. Tone.

Muda ulipita. Katika kujilazimisha kupumua polepole alitulia kidogo, moyo ukapungua kasi, akaanza hata kusikia usingizi. Aliulizwa tena, akasema mbili, moja, mbili. Akawaza kwamba basi, ndiyo hivi, nimeshafika chini na sijui. Machozi yakamlenga.

Halafu kitu kikaanza kwenye mgongo. Hakikutoka kichwani kama ule woga wa kwanza; huo ulikuja na maneno, na picha za beseni, na uso wa mumewe. Hiki hakikuwa na neno hata moja. Kilianzia katikati ya mabega kikasambaa, midomo ikafa ganzi, jasho la baridi likamtoka juu ya mdomo, na mkono wake mtulivu, mkono wa lenzi, ukaanza kutikisika ndani ya kisanduku mpaka kisanduku kikagonga meza. Alitaka kukimbia. Hakujua anakimbia nini. Alitazama dripu, dirisha, vifungo vya koti la nesi, na kila alichokitazama kilimtisha.

"Nashuka," alisema.

Bi Tone aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakuruhusiwa kumwambia lolote. Alimuuliza, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, jasho? Sita. Kutetemeka? Saba. Woga? Saba, alisema, saba, na huu si wangu.

Daktari mtafiti alisogea kitandani. Alimkumbusha kwamba ana haki ya kusimamisha wakati wowote, akisema acha wataacha dakika hiyohiyo. Ila ngazi ya mwisho, kule chini kabisa walikomfikisha mara ya kwanza, bado, na ni dakika ishirini. Alimuuliza, taratibu, kama anataka kuendelea.

Kila kiungo chake kilitaka kusema acha. Alimwambia waendelee. Zile dakika ishirini zilikuwa ndefu kuliko uchungu wa kujifungua. Kitanda kilikuwa kama kinazama. Aliamini kabisa kwamba anakufa, na kwamba hawa watu wawili wanajua na wanamficha. Hesabu zilimshinda baada ya sabini na tisa. Alipoulizwa ana watoto wangapi ilibidi alitafute jibu mbali sana, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda, na akalipata, mmoja, akaanza kulia, akarudia mmoja, mmoja, mpaka Bi Tone akamshika bega.

Walimpandisha. Baada ya robo saa mwili ulikuwa kama shuka lililokamuliwa. Daktari mtafiti aligeuza kile kioo, akamwonyesha mahali alipotamka nashuka: tatu nukta moja. Bado ana akili zake hapo, alimweleza, bado anaweza kutembea mwenyewe mpaka kwenye juisi. Hakumpamba. Alimwambia kwamba dalili zinaweza kupotea tena akirudia mwendo wa zamani, kwamba kidude abaki nacho, na kwamba tatu nukta moja bado ni chini kuliko ambavyo yeye daktari angependa.

Mumewe alipoingia alimkuta amelowa nywele. Alimuuliza imekuwaje.

"Nimeogopa, baba Kifungo," alisema. "Nimeogopa sana."

Mume hakuelewa kwa nini anasema hivyo huku akicheka, akaona ni ile sukari bado, akamwita nesi.

Mwendesha kreni alifanyiwa kipimo chake wiki iliyofuata. Alimpigia simu fundi miwani yeye mwenyewe. Hakupata hata jasho la dawa, alisema, na safari hii alijua ni siku gani lakini alisema yeye ni mke wa daktari. Kazini walikuwa wamempa kazi ya stoo, kuhesabu minyororo na ndoano. Daktari mtafiti amemwambia kwamba na hilo litaandikwa, kwamba kuna ambao dalili hazikuwarudia, na kwamba hajui kwa nini. Alicheka kidogo, kisha akauliza habari za mtoto, na fundi miwani akasikia aibu kumjibu kuwa mzima.

Mwezi mmoja baadaye, Alhamisi saa nne asubuhi, mama mkwe alichukua kikapu na kusema anakwenda sokoni, atakaa kama saa nzima. Alisema bila kumtazama mtu. Mlango ukafungwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kumwacha peke yake na mtoto.

Kifungo alikuwa sakafuni anapanga vikasha vitupu vya miwani, akivifungua na kuvifunga. Mama yake alikaa karibu naye na hakuthubutu kumshika. Baada ya dakika chache moyo ukaanza kumwenda mbio. Viganja vikalowa. Akajipima kidole, mkono ukitetemeka hata tone la kwanza likadondokea sketi. Sita nukta mbili. Ulikuwa woga tu. Akangoja, akajipima tena, ikawa sita. Akamnyanyua mtoto, akamweka mapajani, na woga haukwenda popote, ukakaa nao hapohapo sakafuni huku Kifungo akimvalisha kikasha puani.

Alipotoka nje kumwaga takataka aliona ukingo wa kanga chini ya geti. Alifungua. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, mgongo kwenye ukuta, kikapu kitupu mkononi. Hakuwa amekwenda kokote.

"Soko limefungwa," mama mkwe alisema.

Barabarani watu walikuwa wanapita na mboga zao. Fundi miwani alimpokea kikapu.

"Kesho litafunguliwa, Mama."

"Kesho," mama mkwe alisema, akijifunga kanga upya, "nitajaribu kufika mpaka pale kwenye kona."